Sekunde Tisa za Somo la Nne

Sauti yake ilipaswa kusikika dakika ya pili na sekunde kumi na moja. Fundi alijua hivyo kwa sababu alikuwa ameitazama video ile mara nyingi kuliko alivyowahi kumwambia mtu, simu ikiwa imeegemezwa kwenye boksi la vifungo, mguu ukiendelea kukanyaga pedeli ya cherehani. Leo ilikuwa ikionyeshwa ukutani, kubwa kuliko sebule yao nzima, mbele ya ukumbi uliojaa wanafunzi wa uhandisi. Naye alikuwa amekaa mstari wa mwisho, karibu na mlango, mikono magotini, akisubiri kuisikia sauti yake.

Hakukaa hapo kwa kupenda. Alipofika na mama mkwe wake walikaa mstari wa tatu, vizuri kabisa, mpaka mwanamke mmoja mwenye orodha akawainamia.

"Samahani mama, hivi viti ni vya wageni waalikwa."

"Sisi ni wa Mwalimu," Bibi alisema.

"Walimu wako wengi hapa, bibi. Nyuma kuna nafasi nzuri tu."

Nafasi yenyewe ilikuwa viti viwili vya plastiki, kimoja kina ufa unaobana paja kila ukijigeuza. Fundi alikichukua hicho, akamwachia Bibi kizima.

"Bado?" Bibi alinong'ona. Mnong'ono wake husikika mistari mitatu.

"Bado, mama. Ndiyo kwanza anachora tangi."

Ukutani, Mwalimu, mume wake, alikuwa amesimama mbele ya ukuta wa sebule yao, ule walioupaka rangi nyeusi ukawa ubao. Alivaa shati la bluu, lile ambalo Fundi alimgeuzia kola ilipochakaa upande mmoja. Alikuwa akieleza jambo ambalo Fundi sasa angeweza kulieleza hata akiamshwa usingizini: una tangi la mviringo kama mpira, kipenyo mita nne, unataka kujua maji yafike kina gani ili yawe lita elfu ishirini. Hesabu hiyo haikupi jibu moja kwa moja, kwa hiyo unabahatisha, unatazama umekosea kiasi gani, unasogea, unatazama tena. Anza na kina cha mita moja. Kila lita elfu moja zinazopungua, ongeza milimita moja. Rudia.

"Mabadiliko yakishuka chini ya sentimita moja," alisema Mwalimu wa ukutani, "simama. Hapo umefika."

Fundi akavuta pumzi, kana kwamba ni yeye atakayesema.

Picha ikaruka. Mkono wa Mwalimu uliokuwa kiunoni ukaonekana ghafla umeshika kitambaa, unafuta ubao. Chaki iliyokuwa ndefu ikawa kipande. "Sasa tuingie somo la tano," alisema, na muziki wa vinanda ukaanza.

Sindano ya cherehani ikikupenya kidole, huumii mara moja. Kwanza unatazama tu. Unaona uzi umeingia huku na kutokea kule, na akili inakataa kwamba kidole hicho ni chako. Ndivyo Fundi alivyoutazama ule ukuta.

"Mbona hujaongea?" Bibi aliuliza.

*

Masomo yale yalianzia kwenye meza ya kukatia vitambaa. Mwalimu alikuwa akifundisha chuoni kwa mikataba ya miezi minne minne, mwaka wa kumi na moja sasa, na wanafunzi wake walikuwa wakifeli hesabu za makadirio kama waliorogwa. Vitabu havikuwapo. Akaamua kurekodi masomo ya dakika nne nne, yasiyomaliza data ya mtu, ayaweke mtandaoni bure. Bibi alipewa kazi ya kushika simu, maana alikuwa amepima pamba kwenye mizani kwa miaka thelathini na mkono wake haujui kutetemeka. Fundi alikuwa anashona tu pembeni. Lakini siku ya kwanza alishindwa kuvumilia, akauliza, "Kwa nini uanze na mita moja na si mbili?" na Mwalimu akajibu, na jibu lile likawa zuri kuliko somo. Tangu hapo akawa anauliza kila kipindi. Wanafunzi hawakuwahi kuuona uso wake. Walimwita Mama Maswali.

Kwenye somo la nne ndipo alipouliza swali lililomnyamazisha mume wake.

"Mwalimu, mimi sijaelewa," alikuwa amesema. "Mteja akileta gauni pana, nikawa nalipunguza uzi mmoja kila akija, akilijaribu mara ya tano na ya sita ataona halijabadilika. Lakini si kwamba limemkaa. Ni mimi ninayepunguza kwa uchoyo. Sasa wewe utajuaje umefika?"

Mwalimu alinyamaza sekunde tisa. Wanafunzi walizihesabu. Mwishoni Bibi alisikika akicheka nyuma ya simu, ndipo Mwalimu akageukia ubao, akachukua lile jibu lake la mita moja na sentimita arobaini na tano, akalirudisha ndani ya tangi, akapata lita elfu kumi. Nusu ya alizotaka. "Jamani," alisema taratibu, "fundi amenishika." Kisha akaeleza upya kwa kugongagonga ubao: hatua kuwa ndogo haisemi umefika, yaweza kusema tu kwamba unatembea polepole. Rudisha jibu kwenye tangi. Mpe mwenye gauni alivae.

Alipotaka kufuta na kuanza upya, Bibi alikataa. "Mimi nimefundishwa kuwasha na kuzima. Kukata sijafundishwa." Video ikabaki vile vile, na ndiyo iliyosambaa kuliko zote.

*

Muziki ukazimwa. Mratibu wa masomo ya mtandaoni, mwanamume nadhifu aliyewahi kuja kwao mara moja na kunywa chai vikombe viwili huku akisifu ubao, alisimama mbele na kipaza sauti. Kwapani alibana faili, na ndani ya faili, Mwalimu alikuwa ameahidiwa, mlikuwa na barua ya ajira ya kudumu.

"Masomo haya yatakuwa kwenye tovuti ya chuo, na yatabaki bure kwa mwanafunzi yeyote popote alipo," alisema. Watu wakapiga makofi, na Fundi naye akapiga, kwa mazoea. "Lakini bure haina maana ya ovyo. Haya yalirekodiwa katika mazingira ya nyumbani. Kulikuwa na cherehani. Kulikuwa na mama mmoja, fundi wa jirani kama alivyotueleza Mwalimu mwenyewe, aliyekuwa akiingilia somo. Vijana wetu wa studio wamesafisha yote hayo."

Viganja vya Fundi vilibaki vimekutana.

"Jirani gani?" Bibi aliuliza. Safari hii hakujaribu hata kunong'ona. "Nyumba ya jirani ni ya yule muuza matairi."

"Mama, tulia."

"Nauliza jirani gani."

Fundi alimtafuta mume wake kule mbele, kwenye safu ya viti vya kitambaa, na akamwona anatazama viatu vyake. Hakuwa na uso wa mtu aliyeshtushwa. Alikuwa na uso wa mtu anayengoja dakika mbaya ipite. Kwa hiyo alijua. Jana alikuwa amesimama wima sebuleni huku Fundi, pini mdomoni, akimpimia lile koti alilovaa sasa, akamwambia, "Kesho uje mapema upate kiti kizuri," na alikuwa anajua.

Alitaka kukasirika, akatafuta hasira yake akaikosa. Palikuwa patupu, kama chumba kilichohamishwa vyombo.

"Sasa tulijaribu somo letu," Mratibu akaendelea. "Wanafunzi wa mwaka wa kwanza, hamjawahi kuliona hili. Fuateni maelekezo ya Mwalimu kama mlivyoyasikia. Tangi lile lile, lita elfu ishirini. Dakika kumi."

Simu na kompyuta zikafunguliwa. Msichana aliyekaa mbele ya Fundi alijaza safu kwa safu haraka, namba zikiteremka kwenye kioo: moja, moja nukta sifuri moja na zaidi, moja nukta sifuri tatu. Zilivyoteremka ndivyo zilivyozidi kusogea kidogo kidogo. Kwenye moja nukta nne tano akasimama, akaiandika daftarini, akaipigia mistari miwili.

"Umefika?" Fundi alimuuliza.

"Nimefika, mama," alisema msichana, kwa furaha ya mtu aliyemaliza wa kwanza.

Mbele, Mratibu alikuwa anaomba majibu. Moja nukta nne tano. Moja nukta nne tano. Mkono baada ya mkono. "Mnaona," alisema, "ukumbi mzima jibu moja. Hilo ndilo somo safi."

Nyuma kabisa, wanafunzi wachache wa mwaka wa tatu, waliokuja kwa ajili ya soda, walitazamana. "Sekunde tisa ziko wapi?" mmoja aliuliza chini chini. Mwenzake akamwambia anyamaze, barua za watu zinagawiwa leo.

Fundi alimtazama mume wake tena. Safari hii Mwalimu alikuwa ameinua macho, anatazama lile jibu aliloliandika Mratibu ubaoni kwa kalamu nyekundu. Alijua hilo pia. Ukumbi mzima ulikuwa umejaza tangi nusu, kwa maneno yake, na yeye alikuwa amekaa. Bado kitambo kidogo faili lile lifunguliwe, na miaka kumi na moja iishe.

Fundi alifikiria miaka hiyo. Alifikiria mikataba ya miezi minne, na namna mume wake anavyonyamaza kila mwezi wa mwisho unapokaribia. Akamtazama msichana na mistari yake miwili. Siku moja huyu mtoto atasimama mahali fulani, kofia ngumu kichwani, awaambie watu: nimefika.

Kile kiti chenye ufa kikambana alipoinuka.

"Mwalimu, samahani," alisema. "Mimi sijaelewa."

*

Hakupaza sauti. Hakuhitaji. Wale wa mwaka wa tatu waligeuka wote kwa pamoja kama waliovutwa kwa uzi.

"Ni yeye," mmoja alisema. "Ndiye. Mama Maswali."

"Mama," Mratibu alisema kwa upole, "maswali yatakuwa mwishoni."

"Si la kwako, baba, ni la Mwalimu." "Mimi ni fundi wa nguo, nakaa jirani. Nauliza hiyo moja na arobaini na tano. Kuna mtu ameirudisha kwenye tangi?"

Mwalimu hakuinuka. Moja, Fundi alihesabu. Mbili. Tatu. Alipofika saba, akili ikamwambia hatainuka, na akashangaa jinsi wazo hilo lilivyokuwa rahisi kuliamini. Kwenye tisa koti lile jipya likasimama.

Alichukua kalamu nyekundu mkononi mwa Mratibu. Akaandika bila kumtazama mtu. Namba zilienda zikapungua mpaka ukabaki mstari mmoja.

"Elfu kumi," alisema Mwalimu kwenye kipaza sauti. "Lita elfu kumi na kidogo."

"Na tulitaka?" aliuliza msichana wa mistari miwili, akiwa amesimama bila kujua.

"Ishirini. Jibu ni mita mbili na sentimita ishirini na sita." Akafuta uso kwa kiganja, wino mwekundu ukambaki kwenye paji. "Kanuni mliyoisikia ni pungufu. Kosa ni langu. Mlilokosea nyinyi ni kuniamini tu."

Hakuna aliyepiga makofi. Kalamu zikaanza kukwaruza, mistari miwili miwili ikikatwa ukumbi mzima. Mratibu alitabasamu tabasamu la mtu aliyemwagikiwa chai mbele za wageni.

"Basi, tunamshukuru mama fundi, jirani yake Mwalimu, kwa uangalifu wake."

Kipaza sauti kilikuwa bado mkononi mwa Mwalimu. Fundi alikiona. Kilikuwa sentimita kumi kutoka mdomoni mwake, kimewashwa, taa yake ndogo nyekundu inawaka. Akangoja. Neno moja tu lingetosha, na neno lenyewe halikuwa refu.

Mwalimu alikiweka kipaza sauti mezani taratibu, kisifanye kelele.

Faili halikufunguliwa siku hiyo. Itabidi tupitie upya baadhi ya mambo, alisema Mratibu, akatoka nalo kwapani vile vile.

*

Walirudi nyumbani kwa miguu, watu watatu, Bibi katikati.

"Mimi nilidhani nimezaa mtoto," Bibi alisema walipovuka barabara. "Kumbe nimezaa jirani."

"Mama, nitaeleza."

"Unieleze mimi? Mimi umenikana?"

Fundi alifika, akavua viatu vya kutokea, akakaa kwenye cherehani na nguo ile ile aliyovaa, akaanza kupindia pazia la mtu. Alishona mstari mzima ndipo akagundua hakuwa ametia uzi.

Siku iliyofuata alimwita mumewe kama alivyopaswa kuitwa. "Jirani, maji yako yamechemka." "Jirani, pisha nifagie." Hakusema kwa hasira, na hilo ndilo lililomtesa Mwalimu, maana hasira angejua pa kuishika. Usiku walilala kama waliokutana hospitali. Barua haikuja. Badala yake lilikuja tangazo kwamba somo la nne limeondolewa kwenye tovuti kwa marekebisho, na wanafunzi wakaanza kumtumia Mwalimu ujumbe: irudishe ile ya zamani, ile yenye mama.

Hakuwa nayo. Alikuwa ameifuta mwenyewe, kama walivyomtaka, usiku wa kuamkia sherehe. Fundi aliisikia habari hiyo akiwa anakata kitambaa, na mkasi ukatoka nje ya mstari wa chaki. Kwenye simu yake mwenyewe alikuwa akiitazama mtandaoni; hakuwahi kufikiri kuhifadhi kitu ambacho kipo kila siku.

"Sekunde zote tisa?" aliuliza. Lilikuwa swali la kwanza alilomuuliza tangu ukumbini.

"Zote."

*

Siku ya nne mchana Mwalimu aliosha ukuta mweusi kwa kitambaa kibichi. Akachora tangi. Akavaa shati la bluu.

"Mama," alimwambia Bibi, "nisaidie simu."

"Nimefundishwa kukata sasa," alisema Bibi akijiweka sawa kitini. "Mtoto wa muuza matairi kanionyesha. Usinitishe tena."

Fundi alikuwa mezani pake, amewapa mgongo, pedeli inakwenda. Mwalimu hakumwomba anyamazishe cherehani. Alifundisha juu ya sauti yake: tangi, mita moja, milimita moja kwa kila lita elfu, rudia. Alifika pale.

"Mwaka jana nilisema hivi," alisema. "Mabadiliko yakishuka chini ya sentimita moja, simama. Hapo umefika."

Akaacha kuongea. Aliweka mkono kiunoni akangoja, anatazama mgongo wa mke wake. Cherehani iliendelea mpaka mwisho wa pindo, ikageuza, ikarudi. Kisha ikasimama.

"Mwalimu, mimi sijaelewa," alisema Fundi bila kugeuka.

"Uliza."

"Si la tangi. La tangi nimeshauliza mara mbili, inatosha." Akatoa pini mdomoni, akaichomeka kwenye kitambaa, ndipo akageuka. "Walipokuuliza huyo mama ni nani, uliwajibu nini?"

Mwalimu aliitazama simu. Taa yake ilikuwa inawaka.

"Niliwaambia ni fundi wa jirani."

"Kwa nini?"

"Mratibu aliuliza kama wewe ni mhadhiri. Nikafikiri nikisema ni mke wangu, hakumaliza sekondari, na ndiye anayenisahihisha..." Chaki ilivunjika vidoleni mwake. "Niliona haya."

"Kwa sababu ya kosa lako?"

Alifungua mdomo kukubali. Lilikuwa jibu zuri, na lilikuwa karibu sana na kweli. Fundi aliona jinsi lilivyomjia tayari. Aliona pia alivyolishika, akaligeuza, akalirudisha mahali pake kulijaribu kama linajaza.

"Hapana," alisema mwishowe. "Kwa sababu yako. Nilikuonea haya wewe."

Mkono wa Bibi haukutetemeka, lakini macho yalikuwa yamemlowa, na aliyapangusa kwa bega ili asiitikise simu.

"Mwanangu," aliuliza polepole, kidole juu ya kioo, "hapo nikate?"

Mwalimu alimtazama Fundi. Fundi alikuwa anamtazama yeye, wala hakuwa akimsaidia.

"Usikate, mama."